Utangulizi wa Nyimbo Saba

Begi la kamera la baba lilinuka harusi na matanga kwa pamoja. Ukifungua zipu na kuingiza pua ndani, jambo nililolifanya karibu kila siku kwa sababu nilikuwa mtoto wa namna hiyo, ulikutana kwanza na pilau, halafu nyasi zilizokanyagwa, halafu maua, halafu marashi ya shangazi fulani aliyemkumbatia baba akidhani ni mtu wa upande wa bwana harusi. Chini kabisa, kwenye mishono, palikuwa na mchanga mwekundu wa makaburini ambao haukuisha hata begi lilipokung'utwa ukutani. Nilikuwa darasa la nne, nina miaka kumi, na niliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya video zote duniani. Sasa niko kidato cha tatu, nimekomaa kiasi cha kutolewa darasani mara mbili kwa wiki kwa kosa la kuchekesha wengine, na nimeshika kamera nyingi zisizonuka chochote. Lakini likizo ya Aprili ya mwaka ule naikumbuka kwa pua kabla ya kuikumbuka kwa kichwa, na nikiikumbuka, kile kicheko changu kinachowaudhi walimu hukatika.

Baba anaitwa Njoroge, ila mtaani Jericho ni Njoro wa Video. Kibanda chake kiko sokoni, katikati ya fundi wa viatu na Mama Atis anayekaanga samaki, kwa hivyo mtu akija kutazama video ya harusi yake huondoka akiwa na njaa. Juu ya mlango pana ubao alioandika kwa mkono wake, sherehe ya mahari akiiita kwa Kikuyu: Njoro Video, Harusi, Ruracio, Ubatizo, Mazishi. Chini yake mtu mmoja asiye na adabu aliongeza kwa chaki: Na Talaka. Baba alimshuku fundi wa viatu kwa miaka mingi. Nachukua nafasi hii kumwomba fundi msamaha, maana chaki ile ilikuwa yangu.

Kabla ya kuwa wa Video alikuwa Njoro wa Gitaa. Hilo sikuliona kwa macho yangu, nilisimuliwa na Mama, ambaye akianza kusimulia huacha sufuria iungue. Bendi yao iliitwa Mabati Saba, kwa sababu walifanyia mazoezi kwenye kibanda walichokijenga nyuma ya nyumba ya wazazi wa Anko Mose, kule Kaloleni, na kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati saba. Yalinunuliwa manane, la nane likaibwa kabla halijapigiliwa msumari, wakaamua upande mmoja ubaki wazi na jina litoke hapo. Anko Mose alipiga gitaa la besi na kuimba sauti ya pili. Anko Otis alipiga ngoma. Baba alipiga gitaa na kuimba. Nyimbo hawakuzitunga wao. Kila likizo baba alikuwa akienda Murang'a kwa shosho, mama yake, anaketi jikoni kwenye moshi mpaka macho yanamwiva, shosho anamwimbia wimbo wa kufukuza ndege shambani, wimbo wa kubeba kuni mlimani, wimbo wa kumbembeleza mtoto ambaye si wako. Akirudi Eastlands, huku mitaani kwetu, anazitia kwenye gitaa la umeme lenye mkwaruzo wa kuchana spika. Mama husema ilikuwa kama kumsikia shosho akiendesha pikipiki.

Shida ni kwamba muziki wa aina hiyo haukuwa na mwenyewe. Wazee wa kanisa walisema gitaa lile lina pepo. Vijana walisema nyimbo ni za wazee. Waliobaki kuupenda ni watu wa katikati, na wa katikati walikuwa wachache, wote wa Kaloleni, Jericho na Makongeni, mmoja wao akiwa Mama. Walirekodi mara moja tu, kwenye studio ya mjini, na kabla kanda hazijatoka mwenye studio alihama na kila kitu kwenye gari la mizigo. Ukienda pale leo utauziwa kava za simu. Walipiga miaka kadhaa kwenye harusi na mabaa, mpaka siku moja kwenye harusi mpiga video hakutokea. Bibi harusi akawa analia, mtu akamsukumia baba kamera kwa sababu alionekana mtu wa nyaya. Alipiga video kutwa nzima. Saa ya chakula bendi ililishwa nyuma ya jikoni pamoja na mbwa, naye mpiga video akawekwa meza ya wazee, akaletewa soda mbili. Baba anasema hakuamua kuuacha muziki. Alikaa tu kwenye ile meza, na hakuinuka tena.

Kufikia wakati naanza kumjua vizuri, alikuwa na desturi zake za kazi zilizoshika kama dini. Ya kwanza ilikuwa plasta. Mbele ya kamera yake pana taa ndogo nyekundu inayowaka kamera ikirekodi, naye aliizibia kwa tepu nyeusi ya fundi wa stima. Alinieleza sababu. Kwenye mazishi, watu wakiona taa nyekundu huanza kuigiza. Mtu alikuwa analia kistaarabu, akiona taa anajitupa chini. Mwingine aliyekuwa analia kwelikweli, akiona taa anafuta machozi na kurekebisha kitambaa. Ukiiziba, unapata watu walivyo. Kioo cha kamera nacho kilikuwa na ufa, na kwenye kona ambapo huandikwa kwamba unarekodi palimwagika doa jeusi kama wino, kwa hivyo njia pekee ya kujua kama unarekodi ilikuwa kuinua ncha ya plasta kwa ukucha na kuchungulia. Baba alifanya hivyo bila kufikiri, jinsi mtu mwingine anavyojikuna.

Desturi ya pili ilikuwa tangazo. Kwenye kila hafla aliomba maikrofoni kabla mambo hayajaanza na kusema maneno yale yale, kwa sauti ile ile tamu: "Wapendwa, tafadhali simu ziingie mfukoni. Mkisimama na simu mnaniziba. Kila mtu atapata video." Alizichukia simu za watu. Alisema wageni wa siku hizi huenda harusini kutazama mikono ya wenzao.

Basi, Aprili ile tamasha moja kubwa la mjini lilikuwa linatafuta bendi za kienyeji zenye umeme, na binti mmoja wa huko alikuwa amesikia kutoka kwa mamake kuhusu Mabati Saba. Akampigia baba. Walitaka kitu kimoja tu: video ya bendi ikipiga jukwaani, mbele ya watu, ifike kabla ya Jumatatu jioni. Nakumbuka baba akiweka simu chini mezani polepole kama yai. Mpiga video mkongwe wa Jericho, mtu aliyewarekodi maharusi, wafu na watoto wachanga wa mtaa mzima, hakuwa na video hata moja ya yeye mwenyewe akipiga gitaa. Shosho alikuwa ameshafariki nikiwa darasa la kwanza. Nyimbo zake zilibaki kwa watu watatu, na mmoja wao, Anko Mose, alikuwa amefutwa kazi akarudi kwao Bungoma.

Anko Mose akaja. Alishuka kwenye kituo cha mabasi cha Muthurwa Ijumaa na mfuko wa njugu na gitaa lililofungwa kwenye blanketi, mwembamba kuliko kwenye hadithi za Mama, na alipocheka alishika ubavu kwanza. Anko Otis akaazima ngoma za kanisa lake, kwa masharti kwamba zirudi kabla ya ibada ya Jumapili. Ukumbi wa Kaloleni ukapatikana Jumamosi mchana. Msaidizi wa baba alikuwa kwenye harusi Githurai na kamera ile nyingine, na hapo ndipo jina langu lilipotajwa. Sikuombwa kwa huruma. Nilikuwa nimeshika kamera tangu darasa la pili, na baba mwenyewe alisema mkono wangu umetulia kuliko wa yule msaidizi anayetetemeka akiona chapati.

"Wambui, kazi ni ndogo," aliniambia pale ukumbini, akiifunga kamera kwenye stendi. "Wimbo ukianza, bonyeza. Ukiisha, bonyeza. Porojo zangu za katikati usirekodi, kadi ni ndogo, itajaa. Na kila ukibonyeza, inua plasta uangalie."

"Sawa, buda."

"Nani buda?"

"Sawa, Baba."

Shingo ya stendi ilikuwa imelegea. Ukiiachilia kamera ilikuwa inainama yenyewe kama mtu anayesali, kwa hivyo wakati wa wimbo ilinibidi niishike, na wimbo ukiisha ningeweza kupumzisha mikono na kuiacha iiname. Nilijaribu mara moja, nikainua plasta, taa ikawaka. Nikabonyeza, ikazimika, nikakifuta kipande hicho. Nikajiona fundi. Na kwa kuwa bado watu walikuwa wanaingia, nikaichomoa kamera kwenye stendi, nikamvuta rafiki yangu Akinyi nyuma ya mapazia.

Ukumbi ule ulikuwa na mtunza funguo, Mzee Shaban, ambaye alitembea na mafunguo kiunoni kama vile ukumbi ni ikulu. Akinyi aliweza kumwigiza mpaka ukahofia amemmeza. Nikabonyeza, nikamrekodi: kifua mbele, kitambi cha uwongo, mkono kiunoni, "Hapana kukalia meza! Hapana kuegemea ukuta! Hapana kupumua sana!" Nilicheka mpaka kamera ikacheka nami. Ghafla mafunguo ya kweli yakalia nyuma yetu.

"Nyinyi watoto! Hiyo ni kamera ama ni mwanasesere?"

Tukatoka mbio. Nikairudisha kamera kwenye stendi, nikaikaza, nikasimama wima kama mtoto wa Jumapili. Sikubonyeza. Kamera ilikuwa bado inarekodi, chini ya plasta, na mimi niliamini imezimika.

Najua umeshaona kitakachofuata. Mimi nilichelewa kuona kwa siku nzima.

Baba akapanda jukwaani akiwa na shati jeupe ambalo Mama alilipiga pasi mara tatu. Watu wa katikati walikuja, wamenenepa, wameleta watoto. Baadhi walishainua simu zao. Naye baba, badala ya kushukuru, akashika maikrofoni na ile desturi ikamtoka yenyewe. "Wapendwa, tafadhali simu ziingie mfukoni. Mkisimama na simu mnamziba mtoto wangu. Kila mtu atapata video." Wakacheka, wakatii. Niliona simu zikishuka moja baada ya nyingine, safu kwa safu, nami nikavimba kichwa. Mtoto wangu. Halafu akasimulia wimbo wa kwanza ulitoka wapi, akageuka kwa Anko Otis, akahesabu: moja, mbili, tatu. Nikabonyeza.

Sitaweza kuueleza muziki ule, na ndiyo maana naandika haya. Naweza kueleza nilichokiona. Wimbo wa kufukuza ndege ulianza kwa gitaa peke yake, likidonoa, na watoto waliokuwa wakikimbizana kati ya viti walisimama walipo. Kwenye wimbo wa tatu, ule wa mtoto ambaye si wako, Anko Mose aliingia na sauti ya pili bila kufungua macho, na baba akamgeukia kwa mshtuko, kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ya zamani ukifunguliwa. Nilimvuta baba karibu kwa lenzi mpaka nikaona jasho likimshuka kidevuni na kudondoka kwenye gitaa. Kisha nikamwacha taratibu, nikapanua, nikamwingiza Mama aliyekuwa anacheza peke yake kando ya ukuta, viatu mkononi. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Nimepiga video nyingi tangu siku ile na sijawahi kupata picha nzuri kama zile. Wimbo ukaisha, nikabonyeza, nikaachia, kamera ikainamisha kichwa. Baba akapiga porojo. Moja, mbili, tatu. Nikabonyeza, nikainua kamera.

Kwenye wimbo wa nne nilikumbuka plasta. Nataka hilo lijulikane. Nilipeleka kidole, lakini kucha nilikuwa nimezitafuna zote wiki ya mitihani, na ncha ya plasta ilikuwa imeshikana kwa joto. Ningeweza kumwita Akinyi, mwenye kucha ndefu kama mwewe. Ningeweza kutumia meno. Nikasema moyoni, mimi si mtoto, mbona nilishaangalia. Nikaondoa kidole.

Walipiga nyimbo saba. Mwishoni watu walisimama juu ya viti, na Mzee Shaban mwenyewe hakumkataza mtu, alikuwa anafuta miwani.

Jumapili baada ya ibada tulijazana kibandani: baba kwenye kompyuta, Anko Otis kwenye ndoo iliyopinduliwa, Mama na birika la chai, Akinyi na mimi mlangoni. Anko Mose aliketi kwenye kiti cha wateja na mkoba wake miguuni, maana basi lake lilikuwa la saa nane. Harufu ya samaki wa Mama Atis iliingia kama kawaida. Baba akachomeka kadi, akasugua viganja, akafungua faili la kwanza.

Akinyi akatokea kwenye kioo, kifua mbele. Hapana kupumua sana! Kibanda kizima kikaangua kicheko. Anko Mose alishika ubavu, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Manze huyu ndiye tumpeleke tamasha." Nami nikainama kama msanii anayepokea makofi. Kisha kioo kikaruka, miguu ikikimbia, sketi yangu, dari, halafu sakafu. Sakafu ya ukumbi wa Kaloleni, imetulia, na ncha za ndala zangu mbili. Sauti ya baba ikasikika kwa mbali: wapendwa, tafadhali simu ziingie mfukoni. Ikasimulia wimbo wa kwanza. Ikahesabu moja, mbili, tatu, na kioo kikawa cheusi.

"Hiyo ni ya kujaribu," baba akasema. Akafungua la pili. Makofi. Sakafu, ndala. Baba akisimulia kuhusu kuni na mlima. Sauti ya Anko Otis ikiuliza nani amechukua maji yake. Moja, mbili, tatu. Nyeusi. Akafungua la tatu. Kicheko kilikuwa bado kwenye uso wa Anko Mose lakini kilikuwa kimesahaulika pale, kama nguo kwenye kamba mvua inaponyesha. Baba alifungua la nne, la tano, la sita, la saba, kila moja mpaka mwisho, hakuruka hata sekunde, kama vile sakafu ile huenda ingebadilisha nia. Faili la nane lilikuwa la makofi marefu, watu wakipiga mbinja, na mimi nikimwambia Akinyi, kwa sauti kubwa na ya wazi kabisa, "Umeona vile nimewapiga fiti?"

Hakuna aliyenitazama. Ningetamani wangenitazama. Mama alimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

"Plasta uliinua?" baba akauliza, bado anatazama kioo.

"Mara ya kwanza."

Akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyesikia alichokitarajia. "Hata mimi nilishawahi," akasema. "Harusi ya Makadara. Nilirekodi viatu kutoka kanisani mpaka keki."

"Wakakufanya nini?" Anko Otis akauliza.

"Wakanifukuza." Akachomoa kadi kwenye kompyuta. "Sasa huyu nitamfukuza aende wapi?"

Alikuwa amenisaidia kwa mzaha, na mzaha ulikuwa kazi yangu, lakini sikuweza kuupokea. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na mikono miwili isiyojua pa kwenda. Kisha wakaanza kupiga simu. Baba alimpigia kila mtu aliyemwona ukumbini, na kila mmoja alimjibu jambo lile lile kwa upole: si ulisema tuweke simu mfukoni, Njoro? Mtu mmoja tu, kijana wa Makongeni, ndiye aliyekuwa amekaidi. Alituma kipande kifupi cha yeye na msichana wake wakipiga kelele mbele ya kamera, na nyuma ya kelele zao, ukitega sikio sana, besi ya Anko Mose inasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Baba alikicheza mara nyingi. Halafu akasema wapige tena, sasa hivi, hapahapa. Anko Otis akamwambia ngoma zimesharudi kanisani. Tamasha lilitaka jukwaa na watu. Na Anko Mose akatazama saa.

"Agosti nitakuja," akasema, akiinuka kwa kushika meza. Akanisugua kichwa kwa nguvu. "Wambo, usinune. Tutakupigia upya, na kamera utashika wewe mwenyewe. Si mwingine."

Agosti hakuja. Sisi ndio tulioenda Bungoma, gari zima la watu wa katikati, na mjane wake akamwomba baba apige video ya mazishi kwa sababu ndiyo kazi yake na alikuwepo. Baba hakukataa. Alisimama siku nzima nyuma ya kamera, plasta mahali pake, akawaelekeza watu wa familia wajipange kushoto na kulia kwa jeneza kama anavyowaelekeza wengine wote, na kila alipobonyeza nilimwona akiinua ile ncha kwa ukucha na kuchungulia. Hakuna aliyejua kama alilia, kwa kuwa uso wake ulikuwa ndani ya kamera. Video ile iko kamili. Haina hata dakika iliyokosekana, tangu mwili unatoka nyumbani hadi koleo la mwisho la udongo.

Mimi nilinyamaza wiki kadhaa baada ya ile Jumapili, mpaka mwalimu wa darasa akamwita Mama shuleni kuuliza kama kuna tatizo nyumbani, maana darasa limekuwa shwari. Baadaye utani ulinirudia, kama unavyoona. Nilijaribu pia kurekebisha. Mwaka jana, nikiwa na simu yangu ya kwanza yenye kamera ya maana, nilimketisha baba kibandani siku tulivu, nikamwambia aimbe tu, bila gitaa, wimbo wa mtoto ambaye si wako. Alikohoa, akahesabu kwa kidole gotini, akaimba ubeti mmoja. Akafika mahali ambapo Anko Mose huingia, akangoja. Alingoja kwa muda mrefu, mdomo wazi. Kisha akasema hajui aendelee vipi kutoka hapo, na akaniuliza kama nimekula.

Leo wateja wake wakubwa ni vijana wanaotaka video za muziki. Hukodi kofia, miwani na gari la rafiki, na wengi wao huomba wapewe lile gitaa la baba linaloning'inia ukutani kibandani kwa sababu linaonekana la zamani. Lina nyuzi tatu. Baba hulishusha, huwapangia vidole, "Shika hivi, usikamate kama jembe," kisha anarudi nyuma ya kamera ya kwanza, nami nyuma ya ya pili, na wimbo unatoka kwenye spika huku kijana akikuna nyuzi ambazo hakuna anayezisikia. Gitaa la Mabati Saba limeonekana kwenye video nyingi sana za mtaa huu. Mama huzitazama kwenye simu akizima sauti.

Yale mafaili manane ninayo, nimeyahifadhi sehemu tatu tofauti. Najua kwa moyo kila wimbo ulitoka wapi, nani alimwimbia shosho, shamba gani, mlima gani, mtoto wa nani. Nina utangulizi wa nyimbo saba na sina wimbo hata mmoja. Jumamosi iliyopita tulikuwa uwanjani na kijana mmoja mwenye miwani ya jua. Baba akapaza sauti, moja, mbili, tatu. Nikabonyeza, nikaacha kumtazama msanii, nikainua ncha ya plasta kwa ukucha. Taa ilikuwa inawaka.